Mpaka Aliyebebwa Aseme

Walimleta Marie-Thérèse juu ya mlango. Ulikuwa mlango wa jiko la mtu, umeng'olewa haraka karibu na kilima alipoangukia na pikipiki, na mwenye mlango alifuata nyuma akiuliza ni nani atakayeurudisha. Marie-Thérèse aliuza mafuta ya mawese Salamabila, na sauti yake ilikuwa ya sokoni. Asubuhi ile aliitumia yote kulia. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, mfupa umetokeza, na kitenge kimeloa damu. Watu waliacha kazi zao wakatoka kumtazama, kisha wakafuatana naye mpaka kituo cha afya, maana kijiji hakina sinema.

Nyuma ya msafara alikuja Souleymane, motari aliyekuwa amembeba. Motari ndivyo wanavyoitwa waendesha pikipiki kule, na pikipiki yenyewe huitwa moto. Alikuwa anaisukuma pikipiki yake kwa miguu, usukani umepinda, taa imepasuka. Mwilini alikuwa na mchubuko wa kiwiko na matope mengi. Mtu mmoja akamuuliza kama naye ameumia.

"Apana, mimi siko na kitu," alisema. "Mumusaidie mama."

Kituo chenyewe kiko njiani kati ya Salamabila na Kabambare: vyumba viwili vya matofali, bati juu, benchi nje. Kilikuwa na muuguzi mmoja tu, Subira, na Subira alikuwa mke wa Souleymane.

Subira hakuwa muuguzi wa kubahatisha. Alikuwa amepelekwa Kasongo kwa mafunzo ya majeraha na ajali, akarudi na mambo mawili yaliyomkaa kichwani. La kwanza: anayelia anapumua, kwa hiyo mtafute kwanza asiyelia. La pili: kabla hujaanza kutibu, mfunge kila mgonjwa kitambaa cha rangi yake. Chekundu kwa asiyeweza kungoja, cha njano kwa anayeweza kungoja kidogo, cha kijani kwa anayetembea kwa miguu yake. Vitambaa hawakupewa, basi yeye alivichana kwenye vitenge vyake vya zamani. Hata wanakijiji aliwafundisha, msikitini na kanisani, akawachekesha. "Mutoto akilia, mushukuru Mungu," aliwaambia. "Akinyamaza, mukimbie naye."

Walicheka, wakaenda zao. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walikwisha kusema hayo kabla ya daktari yeyote wa Kasongo, lakini kusema na kukumbuka ni vitu viwili.

*

Subira alikuwa ndiyo kwanza ameinama juu ya ule mlango, mama mkwe wake alipofika anahema. Mwavita alikuwa mama aliyezoea kusema mbele za watu yale ambayo wengine husema jikoni.

"Subira! Uanze na bwana yako!" alipaza sauti toka uani. "Ule mwanamuke iko na nguvu ya kupiga kelele, hatakufa sasa hivi. Uangalie mutoto wangu!"

Benchi zima likageuka. Wengine wakacheka chini chini, na mtu mmoja nyuma akasema, "Kama vile kwa vyandarua."

Hapo ndipo ilipomchoma. Msimu uliopita vyandarua vya mbu viligawiwa kituoni, na ikasemwa kijiji kizima kwamba ukoo wa bwana yake ulipata vipya na wengine wakapewa vilivyotoboka. Haikuwa kweli. Lakini uongo haulipi kodi ya nyumba, unakaa popote unapotaka, na Subira alikuwa ameitwa mbele ya kamati ya kituo kujieleza kama mwizi wa kuku. Siku ile alijiapia kwamba hakuna mtu atakayemsema tena kwa ajili ya ndugu.

"Mama, hapa si nyumbani," alijibu bila kugeuka. "Hapa kila mutu na zamu yake."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mwavita akakaa chini ukutani na aibu yake.

Subira akamfunga Marie-Thérèse kitambaa chekundu. Kisha akamgeukia mumewe, akamtazama toka kichwani hadi miguuni kwa muda wa kupiga chafya, akamfunga cha kijani mkononi. Anatembea, anaongea, anasalimia watu. Kanuni ilikuwa upande wake. Lakini tuseme ukweli: hakumgusa tumbo, wala hakumshika mshipa wa mkono. Mgonjwa mwingine yeyote aliyeanguka na pikipiki angemshika. Huyu hakumshika, kwa sababu macho ya benchi zima yalikuwa mgongoni mwake.

*

Kazi ya mguu ilikuwa kubwa. Alikandamiza jeraha kwa vitambaa safi, akafunga, damu ikapita, akafunga tena juu yake. Akatafuta mshipa, akaweka seromu, yale maji ya chupa yanayoingia mshipani. Fimbo ya kutundikia chupa ilikuwa imeazimwa kushikilia turubai la harusi na haijarudi mpaka leo. Mtu alihitajika kuinua chupa.

"Nipe mimi," alisema Souleymane. "Ni mutu wangu."

Inafaa kueleza neno hilo, maana mtu wa mbali atadhani Souleymane alikuwa mjinga. Motari wa njia ile wana desturi yao, na wanaiheshimu kuliko polisi. Ukimpandisha mtu, ni mtu wako. Njia ikiharibika, unalala naye njiani. Akiumwa, unamtafutia dawa. Akiumia mikononi mwako, huli, hulali, hutibiwi wala huendi kwako mpaka yeye mwenyewe aseme, "Nimefika." Ndipo wewe unajibu, "Tumushukuru Mungu," na kila mmoja anashika njia yake. Motari anayemwacha mtu kabla ya neno hilo amekwisha. Hakuna atakayepanda nyuma yake tena, kuanzia Salamabila hata Kasongo, na ndugu wa abiria wana haki ya kuichukua pikipiki yake. Neno likishasemwa, hawamdai kitu.

Basi Souleymane alisimama kichwani pa Marie-Thérèse, mkono juu, ameshika chupa. Subira alikuwa amepiga magoti miguuni, anapima vipande vya mianzi vya kunyooshea mguu.

"Mama Subira," aliita Souleymane baada ya kitambo, "nipe maji kidogo."

"Ngoja nimalize."

Akangoja. Akapiga miayo, mmoja baada ya mwingine, mpaka Marie-Thérèse katikati ya kilio chake akamwambia afunge mdomo, anamwambukiza.

"Bega hili linaniuma," alisema tena Souleymane. "La kushoto."

"Si ni hilo unainulia chupa? Badilisha mukono."

Alibadilisha mkono. Bega la kushoto likaendelea kuuma, lakini hakurudia kusema. Mtu hamsumbui mke wake kazini mara mbili, hasa mbele ya watu. Kama angelisema, "Nimebadilisha na bado linauma," Subira angelikumbuka mara moja ukurasa mzima wa mafunzo yake: damu ikimwagika ndani ya tumbo, upande wa wengu, maumivu hupanda mpaka bega la kushoto. Alilijua hilo. Aliwahi kulijibu kwenye mtihani na akasifiwa.

*

Gaston, kaka yake Marie-Thérèse, alifika na Dady. Gaston alikuwa mkulima wa mpunga na mtu wa baraza la parokia, amevaa shati lake la Jumapili ingawa haikuwa Jumapili. Dady alikuwa motari kijana, na pikipiki yake ndiyo pekee iliyokuwa nzima siku hiyo kijijini. Nyingine zote zilikuwa machimboni.

"Dada yangu anaenda hopitali kubwa, Kabambare," alisema Gaston. "Nimeshasikilizana na Dady. Na huyu bwana," akamwonyesha Souleymane kwa kidevu, "atafuata kwa miguu. Atatunza dada yangu mpaka muguu ipone. Ndiyo desturi."

"Ndiyo desturi," Souleymane alikubali kwa sauti ndogo.

Subira alikuwa anafunga fundo la mwisho. Marie-Thérèse ndiye aliyeona kwanza. Aliacha kulia ghafla, akanyoosha kidole kwenye mpira wa seromu. "Kwa nini damu yangu inapanda humu?"

Damu ilikuwa inarudi ndani ya mpira, maana chupa ilikuwa imeshuka chini ya mkono wa mgonjwa.

"Inua chupa, baba!" Subira alimkemea mumewe, kisha akainua macho. Midomo ya Souleymane ilikuwa na rangi ya majivu. Jasho lilimtiririka, na hakukuwa na joto la kumtoa mtu jasho. Alikuwa anajaribu kuinua mkono, na mkono haukumtii.

Subira aliuruka mguu aliotoka kuufunga, akamshika mumewe kifundo cha mkono. Mshipa ulikuwa unakimbia, mwembamba kama uzi, na ngozi ilikuwa ya baridi. Akampandisha shati, akagusa tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu. Lilikuwa gumu. Souleymane, ambaye hakuwa amelia toka asubuhi, aliguna.

"Ni nini ilikupiga hapa?"

"Gido," alijibu Marie-Thérèse badala yake. "Tulipoanguka, ule usukani ulimuingia tumboni. Na ni yeye alinitoa chini ya moto. Nilifikiri unajua."

Subira hakujua. Alikuwa hajauliza. Woga ulimshika mwili mzima, na juu ya woga hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya mtu mwingine bali yake mwenyewe. Alitoa chupa mkononi mwa mumewe akampa Mwavita, akamkalisha Souleymane chini, akaenda kabatini kuchukua seromu ya mwisho, akamwekea.

"Anavuja damu ndani," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kazi. "Hapa sina damu ya kumupa, sina daktari wa kupasua. Huyu ndiye anaenda Kabambare, sasa hivi. Mama Marie-Thérèse anaweza kungoja. Muguu yake haitamuua leo."

"Haa!" alisema Gaston. "Ulimufunga kijani wewe mwenyewe. Sisi wote tuliona. Saa hii kwa kuwa ni bwana yako, amekuwa mwekundu?"

Maneno hayohayo aliyokuwa anayaogopa yalikuwa yamefika. Aliyakwepa asubuhi nzima, na yalikuwa yamemngoja mlangoni.

"Nilikosea," alisema Subira. "Dady, leta moto."

Dady hakusogea. "Mama muganga, mimi nitamubeba namna gani? Yeye iko na mutu wake hapa. Hajasema bado. Nikimubeba bila neno, naye ameharibika, na mimi nimeharibika."

"Atakufa!"

"Ninasikia, mama." Dady alikuwa karibu kulia. "Lakini aseme tu. Ni neno moja."

Na Souleymane mwenyewe, amekaa sakafuni na sindano mkononi, alitikisa kichwa. "Sipande," alisema. "Nikimuacha mutu wangu njiani, kesho nani atapanda nyuma yangu? Tutakula nini?"

Wote wakamtazama Marie-Thérèse. Gaston akasimama kati yake na wengine.

"Usiseme kitu," alimwambia dada yake. "Ukisema umefika, hii muguu ni ya nani? Nani atakutunza? Ni mimi tena?"

Neno "tena" lilisemwa kwa uzito wake. Marie-Thérèse alikuwa mjane, na tangu kufiwa alikaa katika kiwanja cha Gaston. Kila sahani ya ugali aliyokula humo ilimkumbusha hivyo. Alijua kwamba mguu wake ukimwangukia Gaston, atausikia mdomoni mwake mpaka siku ya kufa. Mguu ukimwangukia motari, utakuwa deni la mtu mwingine. Si ubaya uliomfanya anyamaze. Alikuwa mama mwenye mguu mmoja uliobaki na paa la kuazima.

 Subira akapiga magoti tena, safari hii kichwani.

"Mama Marie," alisema, "ninakuomba. Nitakutunza mimi. Nitakuosha, nitakupikia, utalala kwangu. Sema."

"Kwa bibi ya mutu ni rahisi kuahidi," alisema Gaston.

Mwavita, na chupa mkononi, alianza kulia bila sauti, yeye ambaye kila kitu alikifanya kwa sauti. Marie-Thérèse alimtazama mama huyo juu yake, mkono umenyooka, hauteremki. Akamtazama Souleymane, ambaye kichwa chake kilikuwa kinaanza kulala begani.

"Kaka, ondoka mbele yangu," alisema. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya sokoni, ili hata walio nje wasikie: "Souleymane! Nimefika!"

Midomo ya Souleymane ilicheza. Walioko karibu walisikia, "Tumushukuru Mungu."

"Na wewe, kaka," aliendelea Marie-Thérèse, "panda nyuma umushike. Umepoteza wakati wake, basi utamushika mpaka kule."

Sijui ni aibu au ni woga wa dada yake, lakini Gaston alipanda.

Walimweka Souleymane katikati, Dady mbele, Gaston nyuma, wakamfunga kwa kitenge cha Mwavita. Chupa ya seromu Gaston aliishika juu. Subira alikuwa tayari amevua koti lake jeupe ili awafuate, hata kwa miguu, hata kwa kukimbia, alipogeuka kuona vitambaa vya mguu wa Marie-Thérèse vikianza tena kuloa. Hakukuwa na muuguzi mwingine. Alisimama mlangoni mpaka sauti ya pikipiki ikapotea nyuma ya mihogo, akavaa koti, akarudi ndani kukandamiza.

*

Walirudi alasiri. Pikipiki ilikuja polepole, na watu walioiona kwa mbali waliinuka bila kuambiwa, wakavua kofia.

Dady hakwenda kituoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiwanja cha Souleymane, kama desturi inavyotaka. Wanaume walimfungua Gaston mikono, kwa maana ilikuwa imekakamaa, wakampokea maiti, wakamlaza kwenye mkeka. Shati la Jumapili lilikuwa na matope hadi kwenye kola. Gaston alikaa chini palepale katikati ya uwanja wa Waislamu, hakuna aliyemwondoa.

"Ni pa daraja la magogo," alimwambia mtu ambaye hakuwa amemuuliza. "Niliona amekuwa muzito."

Dady alibaki amesimama kando ya pikipiki yake. Walimletea kiti, akakataa. Walimletea maji, akashukuru, hakunywa. Mzee mmoja alianza kumkaripia, kisha akaelewa, akarudi nyuma. Aliyebebwa hakusema neno, wala hatalisema tena. Katika hali kama hiyo ni mtu wa nyumbani mwake anayelisema, na Mwavita, aliyekuwa amelala kifudifudi kando ya mkeka, hakuwa na sauti.

Subira alipewa habari akiwa anamgeuza Marie-Thérèse asilale upande mmoja. Alimaliza kumgeuza. Alinawa mikono, akamwachia kikombe cha maji karibu, akaenda. Njiani watu walimpisha, na hakuna aliyesema chochote juu ya ndugu wala juu ya zamu.

Alipofika alipiga magoti kwenye mkeka. Kitambaa cha kijani kilikuwa bado kimefungwa mkononi mwa mumewe. Katika haraka ile yote hakukibadilisha. Alikifungua kwa vidole na meno, maana fundo alikuwa amelifunga vizuri, akakikunja ndani ya kiganja chake. Kisha akainuka, akamwendea Dady.

"Alilia?" aliuliza.

"Apana, mama. Hakulia hata kidogo."

Subira alitikisa kichwa taratibu. Alitaka kupiga yowe, na yowe lilikuwapo, lakini kijana huyu alikuwa amesimama toka alipoingia, na hangekaa mpaka mtu amkalishe.

"Dady," alisema, "amefika."

Dady alifungua mdomo kulijibu neno hilo kama linavyojibiwa. Alijaribu mara mbili. Mwishowe alikaa chini kwenye vumbi kando ya gurudumu, akafunika uso, na ni Subira aliyemalizia kwa ajili yake: "Tumushukuru Mungu."